Popo wamejaa miembeni, mbona mwasema wanatoweka?

Msimu wa maembe ukiingia Pemba, malalamiko ya popo huingia nao. Usiku maembe yanaanguka, asubuhi chini ya mti mna makokwa na makapi yaliyotafunwa yakatemwa, na mwenye shamba anauliza swali ambalo barzani halijapata jibu la kumridhisha: popo wamejaa namna hii, vipi watu wa misitu wanatwambia wamo katika hatari ya kutoweka? Kuna na swali jengine, la upande wa mimea, ingawa huulizwa na wachache. Mpapindi, ule mti wa jamii ya mnazi unaoota msitu wa Ngezi, siku hizi hupandwa kwenye bustani hata za ng'ambo. Mti ambao mbegu zake zinauzwa Marekani utatoweka vipi?

Maswali yote mawili ni ya haki. Yanachanganya tu mambo mawili ambayo kwenye habari za redio na mitandao hutajwa kwa pumzi moja: kiumbe huyu ni nani, na hali yake ikoje. La kwanza huitwa uainishaji, la pili ni hali ya uhifadhi. Uainishaji ni cheti cha kuzaliwa, kinaeleza mtoto wa nani na ukoo wake upi. Hali ya uhifadhi ni kadi ya kliniki, huandikwa upya kila anapopimwa, na uzito uliopanda mwaka huu unaweza kushuka mwakani. Mtu hapotezi ukoo wake kwa kuugua, wala hawi mzima kwa sababu ana jamaa wengi.

Popo wa Pemba na mpapindi wanafaa sana kwa somo hili kwa sababu wote wawili ni wa Pemba tu. Hawapatikani porini pahala pengine popote duniani. Zaidi ya hapo hawana wanalofanana, na hapo ndipo panapofundisha.

Tuanze na cheti. Wataalamu hupanga viumbe kwa ngazi: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Hakuna haja ya kuzikariri kama tulivyofanyishwa skuli. Kila ukishuka ngazi moja, walio ndani yake wanakuwa ndugu wa karibu zaidi. Himaya ya wanyama inamkusanya popo pamoja na jongoo. Spishi, ngazi ya chini kabisa, kwa kawaida ni wale wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe. Jina la kisayansi huundwa kwa ngazi mbili za mwisho, jenasi kisha spishi. Popo wetu ni Pteropus voeltzkowi, jina alilopewa mwaka 1909 na Paul Matschie kwa heshima ya Alfred Voeltzkow, Mjerumani aliyefika visiwani kukusanya viumbe. Mpapindi ni Chrysalidocarpus pembanus, na kwenye jina hilo Pemba inajionesha yenyewe.

Popo si ndege. Wengi wanalijua hilo kwa kusoma, lakini ukiwasikiliza wakizungumza utaona bado wamemweka kundi la kunguru. Popo huzaa, tena mtoto mmoja tu kwa uzazi, akamnyonyesha. Mwili wake una nywele, za huyu wa Pemba ni nyekundu ya kutu, na ana meno. Bawa lake ni mkono: vidole vinne vilivyorefuka mno vikatandwa ngozi, na gumba limeachwa nje na kucha yake ili apate kushika matawi na kupanda. Akilikunjua bawa moja na la pili, upana unafika mita moja na nusu na zaidi. Yumo ngeli ya mamalia, ngeli moja na mbuzi, pomboo na mimi ninayeandika.

Wakishakubali kuwa si ndege, watu humpeleka kwa panya. Anaitwa panya aliyeota mbawa. Nako si kwao. Uchunguzi wa vinasaba umeonesha kwamba popo wako kwenye tawi moja la mamalia pamoja na ng'ombe, farasi, paka na mbwa, na panya yuko tawi jengine pamoja na kima na binadamu. Yaani panya ni ndugu yetu sisi wa karibu kuliko alivyo ndugu wa popo. Mwenye kuona haya kwa habari hiyo ni shauri yake, cheti hakibadiliki.

Popo wana oda yao peke yao, yenye spishi zaidi ya 1,400, karibu moja katika kila tano za mamalia wote duniani. Wale wadogo wa darini na mapangoni, wala wadudu, hutoa sauti tusizozisikia na kujua njia kwa mwangwi wake. Popo wa Pemba ni wa familia nyengine, ya popo wala matunda. Hana ufundi huo wa mwangwi na wala hauhitaji, kwani ana macho makubwa yanayoona vizuri gizani na pua inayolinusa embe lililoiva toka mbali. Kwa hiyo usemi kwamba popo ni kipofu, kwa huyu hasa, ni kumsingizia.

Mpapindi nao una uongo wake. Tunauita mti, na kwa lugha ya kila siku hakuna ubaya. Kwa uainishaji, hata hivyo, umekaa mbali sana na mvule au mwembe. Uko familia ya mnazi, mtende, mpopoo, mchikichi na mwale, na familia hiyo iko kundi la mimea ambayo mbegu yake huchipua na jani moja la mwanzo, pamoja na mpunga, muwa na mgomba. Shina lake ukilikata hulioni duara za miaka kama za mbao, na halinenepi mwaka hadi mwaka kama linavyonenepa la mvule. Kwa nasaba, mpapindi na mpunga wa mabondeni ni jamaa wa karibu kuliko mpapindi na mwembe ulio kando yake.

Hilo si la kujifurahisha tu. Mmea wa familia hii hukulia kileleni, kwenye moyo wa shina. Ukiukata moyo, shina hilo limekufa, halitoi matawi kama mwembe uliopogolewa. Mpapindi umepata nafuu kidogo kwa sababu aghalabu huota kichaka, mashina kadhaa kutoka shina moja la chini, hata likiangushwa moja mengine yanaendelea. Jinsi kiumbe alivyoumbwa ndiyo inayoamua ataharibiwa na nini, na hapa ndipo cheti kinapoisaidia kadi.

Jina la mpapindi limeleta mkanganyiko wa aina yake. Ulipewa jina la Chrysalidocarpus pembanus mwaka 1962. Mwaka 1995 wataalamu wa minazi ya Madagaska waliiunganisha jenasi hiyo na nyengine, mpapindi ukawa Dypsis pembana. Mwaka 2022, baada ya vinasaba kuchunguzwa, jenasi ile kubwa ikagawanywa tena na mpapindi ukarudishiwa jina lake la mwanzo. Anayetafuta habari mtandaoni hukuta majina mawili, akadhani ni mimea miwili, au kwamba mmoja umeshatoweka. Mmea ni ule ule. Kilichosahihishwa ni maandishi ya cheti, na wanaosahihisha hawakuwa wanacheza, walikuwa wanauliza ndugu wa mpapindi ni nani hasa.

Ndugu hao wanashangaza. Mmoja ni ule mnazi mdogo wa mapambo, wenye mashina ya manjano kama mianzi, unaowekwa kwenye vyungu katika hoteli za Nungwi na katika maofisi ya dunia nzima. Asili yake ni Madagaska. Takriban jamaa wote wa mpapindi wako Madagaska, na wachache Komoro. Bara la Afrika, umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Pemba, hakuna hata mmoja wao wa asili. Sasa mtazame popo. Jenasi ya Pteropus ina spishi zaidi ya 60, zimetapakaa India, Asia ya kusini mashariki, Australia, visiwa vya Pasifiki, kisha Morisi, Shelisheli, Komoro na Madagaska. Kwa upande wetu zinaishia Pemba na Mafia. Bara hakuna.

Mmea na mnyama wasio na nasaba yoyote ya karibu wametoa ushahidi mmoja. Wazee wao walitokea upande wa bahari. Na walipofika Pemba walibaki peke yao muda mrefu kiasi cha kuwa spishi mbali, kwa sababu mkondo kati ya Pemba na bara una kina cha zaidi ya mita 800. Zama za barafu, bahari iliposhuka kwa mita mia moja na ushei, Unguja iliungana na bara, wanyama wakavuka kwa miguu. Pemba ilibaki kisiwa. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikuwa naye, na ndiyo maana Pemba ina ninga wake, bundi wake, chozi wake, popo wake na mpapindi wake.

Hapa lazima tutenganishe maneno mengine mawili. Kiumbe wa asili ni yule aliyefika pahala mwenyewe, bila ya kuletwa na mtu. Kiumbe wa pahala pekee ni wa asili ambaye zaidi ya hapo hayupo kwengine. Mkarafuu si wa asili ya Pemba, sembuse kuwa wa pekee. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na kwetu uliletwa karne ya 19. Mwembe nao asili yake ni Asia ya kusini. Kima punju ni wa Unguja pekee, na wale walioko Ngezi wana asili ya wachache waliopelekwa miaka ya 1970, kwa hiyo Pemba ni wageni. Kuwa wa pekee si sawa na kuwa hatarini. Kuna spishi za pekee zilizojaa tele pahala pao. Ila aliye wa pekee akiharibikiwa kwao, hakuna kwengine kwa kumrudisha.

Sasa kadi ya kliniki. Kadi inayotumika zaidi duniani ni Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kiumbe aliyetathminiwa hupewa daraja. Wapo wasio na wasiwasi mkubwa na walio karibu na hatari, kisha huja ngazi tatu za hatari yenyewe ambazo hapa nitaziita hatarishi, hatarini na hatarini mno. Baada ya hapo kumebaki waliotoweka porini na waliotoweka kabisa. Pembeni kuna daraja la wale ambao habari zao hazitoshi kupimwa.

Kosa linalofanywa barzani ni kudhani kwamba daraja linatokana na hesabu ya vichwa. Hesabu ni mlango mmoja tu. Mwengine ni kasi ya kupungua: spishi iliyopungua kwa asilimia 30 ndani ya miaka 10, au ndani ya vizazi vitatu kama hivyo ni virefu zaidi, inaweza kuingia hatarishi hata kama waliobaki ni laki nzima. Mlango wa tatu ni eneo. Spishi inayoenea eneo la chini ya kilomita za mraba 5,000 inaweza kuwekwa hatarini, ikiwa pamoja na hilo makazi yake yamekatikakatika na yanaendelea kupungua. Pemba nzima, na visiwa vyake vidogo, haifiki kilomita za mraba 1,000. Maana yake kila kiumbe wa Pemba pekee ameshakidhi kipimo cha eneo toka siku aliyozaliwa, anasubiri sharti za pili tu. Na kuna mlango wa wale wanaoishi pahala pachache mno, chini ya kilomita za mraba 20 au pahala pasipozidi patano, hata kama leo hawapungui. Huhitaji kuwa mgonjwa. Inatosha kwamba tukio moja baya, moto au ugonjwa, linaweza kuwakumba wote pamoja.

Turudi kwa mwenye shamba la maembe. Anasema popo wamejaa, naye hasemi uongo. Hilo ni tunda la kazi iliyofanywa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 popo wa Pemba walikuwa wameadimika vibaya. Misitu ilikuwa imekatwa kwa vizazi vingi kupisha mikarafuu na mashamba ya chakula, na waliobaki waliwindwa kwa nyama, bunduki zikafanya kwa jioni moja kazi ambayo mitego ilichukua msimu mzima. Mwaka 1996 Orodha Nyekundu ilimwandika hatarini mno. Wakati huo makadirio yalikuwa kama popo 5,000. Idara ya misitu ya Zanzibar na shirika la Fauna & Flora International la Uingereza walianza kazi na wanavijiji: vilabu vya mazingira vikaundwa, watoto wakafundishwa skuli, vijiji vyenye vituo vya popo, yaani miti wanayolala mchana, vikajiwekea kanuni za kutowapiga. Kidike, kaskazini ya Chake Chake, wageni wakaanza kulipa kiingilio kuja kuwatazama. Hesabu ya mwaka 2007 na 2008 ilikuta kati ya popo 18,000 na 22,000 hivi, na daraja likashuka hadi hatarishi.

Kwa nini basi asifutwe orodhani? Kwa sababu kilichompunguza mara ya kwanza bado kipo. Mtoto mmoja kwa uzazi maana yake popo akipigwa huchukua muda kufidiwa. Wakati wa mchana hulala makundi makundi kwenye miti mikubwa, vituo vingine vina maelfu, na kituo kimoja kikifyekwa hasara yake si ya mti mmoja. Vingi vimesalia kwenye makaburi ya zamani na pahala pa mizimu, ambapo watu waliogopa kukata miti. Kwa maoni yangu, woga ule uliwahifadhi popo miaka mingi kabla ya mradi wowote, na siku hizi unapungua kuliko tunavyokiri.

Mpapindi nao uko daraja la hatarishi, kwa njia nyengine. Haukuwindwa. Ngome yake ni Ngezi, kaskazini magharibi, msitu wa kilomita za mraba 14 hivi, kipande kikubwa kilichobaki cha msitu mnene wa mvua uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa. Mmea hauna mbawa. Popo akikuta msitu wa jana umekatwa ataruka hadi Kangagani au Mkoani, atakula kuyu, shelisheli au embe la mtu, na ataishi. Mpapindi ukikatiwa kivuli na unyevu wake unabaki pale pale. Ndiyo maana popo aliweza kuokolewa kwa kuwabadilisha watu tabia, na kwa mpapindi kanuni za kijiji zisizolinda ardhi yenyewe hazina maana kubwa.

Upande wa pili, mmea una bahati ambayo mnyama hana. Mbegu zake zinasafiri kwenye bahasha. Mpapindi umeenea katika bustani za nchi za joto, Florida miongoni mwao, na hauhitaji ruhusa za mkataba wa biashara ya viumbe vya pori ambao popo wote wa jenasi ya Pteropus wamo ndani yake. Hapo ndipo lile swali la mbegu za Marekani linapojibiwa. Orodha Nyekundu hupima wale waliopo porini. Mipapindi ya bustanini aghalabu imetokana na miti mama michache, kwa hiyo urithi wake ni mwembamba, na ikipandwa karibu na ndugu zake wa Madagaska inaweza kuchanganya damu. Ule mnazi wa mapambo wa hotelini una mamilioni ya vyungu duniani, na kwao Madagaska porini umeandikwa karibu na hatari.

Mawili ya haraka kuhusu popo, kwa sababu yataulizwa. Popobawa, taharuki ya shetani wa usiku iliyovuma Pemba mwaka 1995 ikavuka mpaka Unguja na Dar es Salaam, haihusiani na mnyama huyu mla matunda, na kumpiga popo kwa ajili ya hofu hiyo ni kumwadhibu asiye na kesi. Kuhusu maradhi, ni kweli popo kwa jumla hubeba virusi, kama wabebavyo wanyama wengi. Tahadhari ni kutomshika kwa mkono mtupu, na kutokula embe lililong'atwa. Kuwatimua vituoni huwatawanya wakiwa na mshituko, na hilo halimpunguzii mtu hatari.

Na kwa mwenye kutaka kupanda mpapindi uwani kwake: tafuta mche wa kitaluni au mbegu ya mpapindi ulioko bustanini, uupe kivuli na maji miaka ya mwanzo. Wa Ngezi uache Ngezi. Mche uliong'olewa msituni na kufia kwenye ndoo umepunguza wale wanaohesabiwa, na hakuna kitu ulichoongeza.